Divai nyekundu ya kartoni: majuma 6 za kufika mu chupa, mwaka 1 wa kufika mu glasi



Kila mara watu wakijua kama nilisoma agronomi, kuko swali moja linarudi: "Ile divai ya kartoni yenye kutoka Kanada, ni divai ya kweli? Na tunaweza kuifanyia biashara hapa Bukavu?" Nimeona heri niandike jibu lote mahali pamoja. Nitaeleza kartoni iko na nini ndani, kazi inaenda namna gani, halafu nitakaa kidogo juu ya sehemu ambayo vijana wengi wanairuka: kuacha divai ikomae. Ile sehemu njo inaamua kama pesa yako imezaa ao imepotea.

1. Kartoni iko na nini?

Nikisema kartoni, sisemi ile divai ya tayari inayouzwa mu paketi dukani. Nasema kartoni ya kujitengenezea divai nyumbani. Ndani kuko mfuko mkubwa wa juisi ya zabibu iliyopashwa moto ili vijidudu vife. Mara nyingi sehemu ya maji yake imetolewa, kwa hiyo inakuwa nzito kama asali nyepesi. Kando ya mfuko kuko vipaketi vidogo: chachu kavu (ni jamaa ya levire ya mkate, lakini aina iliyochaguliwa kwa kazi ya divai), udongo mwororo unaoitwa bentoniti, metabisulfiti ya potasiamu, sorbati ya potasiamu, dawa ya kusafisha divai, na vipande vya mti wa mwaloni. Kartoni za bei zinaongeza maganda ya zabibu. Nyingi zinalenga kipimo kimoja: lita 23, ni kusema chupa 30 hivi za mililita 750.

Fikra yenyewe si ya jana. Marekani ilipokataza pombe, kati ya 1920 na 1933, familia ziliendelea kununua juisi nzito ya zabibu, na kila mutu alijua inaenda kufanya nini kule nyumbani. Leo Kanada ni moja ya inchi ambako kazi hii imezoeleka sana: kuko maduka ya kartoni tu, na watu wanatengeneza divai ya meza yao, ya kunywa na si ya kuuza.

Yetu ilikuja hivi. Mama mdogo wa mwenzetu mmoja anaishi Montréal. Alipokuja likizo, alituletea kartoni ya lita 10 za juisi nzito. Hakuchagua ile ya lita 18 kwa sababu rahisi: lita 10 za juisi ile zina uzito wa kilo 12 hivi, zinaingia mu valizi ya kilo 23, na nafasi inabaki ya vizibo, densimetri na chombo cha mkono cha kusukumia vizibo mu chupa. Tulikuwa watatu, wote wa promosheni moja. Tulichanga pesa ya ndoo, ya damujani (ile chupa kubwa ya shingo nyembamba) na ya kukusanya chupa tupu za divai ku mahoteli.

2. Majuma 6 ya kwanza

Kazi ya kwanza ni usafi. Kila kitu kinachogusa juisi kinaoshwa, halafu kinapitishwa mu maji yenye metabisulfiti. Ule unga unatoa gesi ya kiberiti ambayo vijidudu vya siki havipendi.

Siku ya kwanza unakoroga bentoniti mu maji ya moto, unamwaga juisi, unaongeza maji mpaka lita 23. Maji ya robine yako na klorini, na klorini inaweza kuacha harufu mbaya ya dawa mu divai. Uyachemshe jana yake, uyaache wazi yapoe. Halafu unaingiza densimetri. Hiki ni kijiti cha kioo kinachoelea: sukari ikiwa nyingi kinapanda, sukari ikipungua kinashuka. Yetu ilisoma 1090, karibu gramu 210 za sukari mu kila lita.

Unanyunyiza chachu juu, unafunika bila kukaza, unangoja. Chachu inapenda kati ya nyuzi 18 na 24. Hapa Bukavu, karibu metre 1 500 juu ya bahari, nyumba ya kawaida inakupatia ile joto bila umeme wowote. Mwenzetu wa Uvira ao wa Kindu atapashwa kuweka ndoo ndani ya beseni ya maji na kuizungushia kitambaa kibichi, juu joto ikipita nyuzi 30 chachu inachoka na divai inabeba harufu za ajabu.

Kisha masaa machache, inaanza kuchemka bila moto. Chachu inakula sukari, inatoa alkoli na hewa ya kaboni. Fanya hesabu na utashangaa: lita 23 zinatoa zaidi ya lita 1 000 za ile hewa. Njo maana hatukazi kamwe chombo chenye kuchacha, na hatulali mu chumba kidogo kimefungwa pamoja nacho. Hewa ya kaboni haina rangi wala harufu, ni nzito, inakaa chini, pale watoto wanalala.

Densimetri ikishuka karibu 1010, siku ya 5 mpaka ya 7, unahamisha divai kwa mpira mpaka mu damujani, unaacha mashapo chini, unaweka kizibo cha maji kinachoruhusu hewa kutoka bila kuingia. Ikisoma 995 siku 3 mfululizo, sukari imeisha. Toa 995 ku 1090, inabaki 95. Zidisha kwa 0,131: unapata asilimia 12,4 ya alkoli. Hapo ndipo densimetri inakushinda bei yake mara kumi, kwa sababu mutu asiyepima anaweka mu chupa divai ambayo bado inachacha, na zile chupa zinapasuka usiku moja kisha nyingine.

Kisha unaongeza metabisulfiti na sorbati. Ya kwanza inalinda divai na oksijeni na vijidudu. Ya pili inazuia chachu iliyobaki isizaane tena. Unakoroga kwa nguvu, dakika nyingi, ili hewa ya kaboni iliyojificha ndani itoke, maana divai yenye gesi inachoma ulimi na haikubali kuwa safi. Unatia dawa ya kusafisha, unaacha itulie.

Angalisho moja kwa wenzangu wa agronomi mwenye kujua uchachu wa pili, ule wa bakteria kugeuza asidi maliki kuwa asidi laktiki: usiujaribu mu divai ya kartoni. Asidi yake imekwisha kupimwa kiwandani. Tena, bakteria zikikula sorbati, divai inanuka kama majani ya jeranio, na hakuna dawa ya kuiondoa.

Juma la 6, yetu ilikuwa safi, rangi ya zambarau yenye kung'aa. Tulijaza chupa 29. Ya 30 ilibaki mu mashapo.

3. "Inabakia nini?"

Habari ilitembea mu kartie. Juma la 7, papa mmoja jirani akakuja. Alikuwa anaoza binti yake mwezi uliofuata na alitaka chupa zote 29, pesa mu mukono.

Tulimfungulia moja. Aliinywa, akatikisa kichwa, akasema ni muzuri. Sisi tuliona vingine: ulimi ulikauka, asidi ilikata, puani kulikuwa harufu ya levire na ya bonbon ya ndizi. Tulimwambia:

— Papa, haiyaiva bado.

— Bana yangu, iko nyekundu, iko na pombe, iko safi. Inabakia nini?

Ni swali la akili, na karatasi ya maelezo ya kartoni hailijibu. Ile karatasi inakuonyesha siku divai inaweza kuingia mu chupa. Siku ya kuifungua imeandikwa kwa haraka mu mustari moja ya mwisho, na wengi hawafiki pale.

Wazee wetu wa Bushi watamuunga mukono yule papa, na kwa kasiksi wana haki. Kasiksi ya ndizi inachacha siku chache, inanyweka ikiwa bado na uhai, na kisha juma inaanza kuelekea siki. Mu kasiksi, muda ni adui. Mu divai nyekundu yenye kulindwa, muda unafanya kazi. Kazi gani?

Ya kwanza ni tanini. Tanini ni ile kitu inakausha kinywa ukitafuna ndizi mbichi ao ukinywa chai iliyokaa sana ku majani. Inashika protini za mate, ulimi unapoteza utelezi. Mu divai changa, tanini iko mu vipande vinavyoshika kwa ukali. Miezi ikipita, vipande vinaungana vyenyewe kwa vyenyewe na pia na rangi ya zabibu, ile tunaita antosianini. Vingine vinakuwa vizito vinaanguka chini ya chupa. Ulimi unasikia ulaini, na jicho linaona zambarau ikigeuka nyekundu ya tofali.

Ya pili ni harufu. Ile bonbon ya ndizi inatokana na esta ambazo chachu ilizitengeneza. Mu miezi ya kwanza nyingi zinavunjika, na nyuma yao harufu ya tunda na ya mti inaanza kusikika.

Ya tatu ni kiberiti. Siku ya kujaza chupa kuko kingi, kinaweza hata kuchoma pua. Polepole sehemu yake inashikana na vitu vingine mu divai na inaacha kusumbua.

Ya ine ni oksijeni, lakini kwa kipimo cha tone. Louis Pasteur, mu kitabu chake juu ya divai cha 1866, alionyesha kama oksijeni iko na pande mbili: kidogo inasaidia divai kukomaa, nyingi inaiharibu. Kizibo kizuri kinapitisha kidogo sana. Damujani yenye kujaa nusu inaingiza nyingi, na bakteria za siki hazingojei mwaliko.

Sasa, si kusema uiweke miaka 20. Juisi ya kartoni ilipashwa moto, na kama haikuja na maganda, tanini yake ni ndogo kuliko ya divai kubwa za Ufaransa. Kartoni nyepesi inafika pazuri kati ya miezi 6 na 12. Yenye maganda inaomba mwaka 1 ao zaidi. Kisha pale inashuka. Mwenye kuficha chupa ya kartoni nyepesi kwa ubatizo wa mjukuu atakunywa maji ya huzuni.

4. Uamuzi wetu

Nirudi kwa papa. Sisi watatu hatukuwa na fikra moja. Mwenzetu mmoja alikuwa na deni ya nyumba ya miezi 2, na mbele yake kulikuwa mutu mwenye pesa. Alituuliza kwa ukali: "Mutakula ile tanini?" Hatukuwa na jibu la kucheka.

Tulipiga hesabu ya arusi. Chupa 29 mbele ya wageni mia na zaidi, wengi wakionja kazi yetu kwa mara ya kwanza, siku ambayo divai iko mu hali yake mbaya kuliko zote. Na kuko jambo la sheria: kutengeneza ya kunywa mwenyewe ni kitu kimoja, kuuzia watu ni kingine, kunaomba vibali na kupimwa na OCC. Hatukuwa na karatasi hata moja. Tukaamua hivi: sisi wawili tukamkopesha mwenzetu pesa ya deni, papa tukamuomba samahani, na arusi ikapita na bière, ikapendeza.

Chupa zikaingia mu kachumba ka chini, ukuta wa mawe, pasipo dirisha. Divai inapenda nyuzi 12 mpaka 15. Hatuna ile baridi, lakini tulikuwa na kitu karibu na faida yake: joto isiyobadilika, kama nyuzi 19. Joto ya kupanda na kushuka inasukuma kizibo na kuita hewa. Njo maana chini ya mabati ni mahali pabaya kabisa. Siku 4 za kwanza chupa zilisimama ili vizibo vipanuke, kisha tukazilaza ili vibaki na unyevu. Mbele ya kujaza tulikuwa tumeongeza metabisulfiti robo ya kijiko kidogo, gramu 1,5 hivi kwa lita 23, kwa kuwa kipimo cha mu kartoni kinafikiria mutu atakunywa mapema.

Tulijiwekea ratiba na daftari. Mwezi wa 3: bonbon imepungua, ulimi ungali unakauka. Mwezi wa 6: asidi na tunda vimeanza kusikilizana, mwenye deni akasema kwa sauti ndogo "ah, sawa." Mwezi wa 12: rangi imetulia, mti unasikika nyuma kama moshi wa mbali, na kinywa kinabaki laini kisha kumeza. Ilikuwa kartoni ileile, maji yaleyale. Hatukuongeza kitu.

5. Biashara je?

Sasa swali lenu. Weka mambo haya mbele yako: kartoni inatoka ng'ambo, inatoa chupa 29, na pesa inalala zaidi ya mwaka 1 mbele ya kurudi. Ongeza chupa za kuonja, vibali, vizibo vinavyotoka mbali. Kama mutaji wako ni wa kukopa na faida inahesabiwa kila mwezi, deni itakomaa mbele ya divai. Kwa hiyo jibu langu ni hapana: kuuza divai ya kartoni kutoka Bukavu si biashara ya kijana anayeanza.

Kama shule, lakini, sijaona ya bei nafuu kuliko hii. Kartoni inakuondolea maswali magumu ya sukari, asidi na afya ya tunda, inakuachia paka kujifunza usafi, densimetri, oksijeni na uvumilivu. Ukijua hivi vinne, unaweza kugeukia matunda yanayooza ku soko letu mu musimu: marakuja, pruni ya Japon, nanasi. Pale utapashwa kujibu mwenyewe yale kartoni ilikujibia. Marakuja iko na asidi nyingi, inaomba maji na sukari ya kuongeza, na tanini yake ni kidogo, kwa hiyo ratiba yake ya kukomaa si ile ya zabibu nyekundu. Lakini utakuwa na daftari na utajua mambo ya kupima.

Neno la mwisho kwa wale wanaogopa metanoli. Juisi ya zabibu ikichacha inatoa metanoli kidogo sana, na divai ya kawaida haiui mutu kwa njia hiyo. Hatari kubwa iko mu pombe kali za kupika zisizo na mpango na mu zile watu wanachanganya na alkoli ya kiwanda. Kwa hiyo ukimaliza kutengeneza divai, usiipike ili "iongezeke nguvu."

Mwenye kuanza, afanye hivi: aandike tarehe ku kila chupa, atenge 6 za kuonja, moja kila kisha miezi 2, na asiahidi mutu chupa yoyote mbele ya mwezi wa 6. Sisi tuligawana zilizobaki, 8 kwa kila mutu. Mwenzetu alilipa ile deni kwa mshahara wake wa kwanza wa ualimu, na alimpelekea papa jirani chupa 2 zake. Papa alionja, akakaa kimya kidogo, akauliza kama kuko zingine.